Eko ya Moyo Imebadilika, Presha ya Mapafu Imepanda: Jinsi ya Kuyasoma Majibu Hatua kwa Hatua

Karatasi ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mwaka jana iliandikwa RVSP 41, namba inayokadiria presha ya mapafu. Ya juzi imeandikwa 52, na chini kabisa kuna maneno "moderate pulmonary hypertension", yaani presha ya mapafu ya kiwango cha kati. Kliniki ilifurika, maelezo yalikuwa ya haraka, na sasa karatasi zote mbili zimetandazwa mezani nyumbani. Shangazi anasema moyo umechoka, kijana ameshaingia Google na kukuta habari za kutisha, na mgonjwa mwenyewe yuko kimya.

Mfano huo nimeutunga, lakini namba zake ni za kawaida kabisa na nitazitumia mpaka mwisho. Niseme mapema ninachokiamini: hiyo 52 peke yake inaeleza kidogo sana. Maswali yenye uzito ni mawili. Je, kilichobadilika ni moyo, au ni upimaji? Na je, presha hiyo inatoka upande gani? Matibabu hufuata jibu la swali la pili zaidi kuliko ukubwa wa namba.

Kabla ya kuendelea: mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kukaa akasoma. Kama mgonjwa anahema akiwa amekaa tu, amezimia au nusura azimie akipanda ngazi, midomo imegeuka rangi, anakohoa damu, kifua kinambana, au mguu mmoja umevimba ghafla na pumzi ikabana, acha karatasi hapo zilipo, mpeleke hospitali sasa hivi.

Hatua ya 1: Tenganisha presha mbili

Moyo ni pampu mbili zilizoshikana. Upande wa kulia hupokea damu iliyorudi kutoka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Kipimo cha mkononi, kile cha 120/80, kinapima kazi ya upande wa kushoto. Hakijui lolote kuhusu mapafu. Ndiyo maana mtu anaweza kusifiwa kliniki kwa presha nzuri ya mkononi huku ile ya mapafu ikipanda kimyakimya. Na ndiyo maana kujiongezea vidonge vya presha nyumbani baada ya kusoma "hypertension" kwenye eko ni hatari: unaweza kuishusha presha ya mkononi hadi mtu aanguke, na mapafu yakabaki vilevile.

Presha ya mapafu kwa kawaida ni ndogo. Kwa mtu mzima aliyetulia, wastani wake ni karibu 14 (kizio ni mmHg, milimita za zebaki), na ukizidi 20 ndipo huitwa ugonjwa wa presha ya mapafu. Hapo zamani mpaka ulikuwa 25, uliowekwa tangu mkutano wa Shirika la Afya Duniani huko Geneva mwaka 1973. Wataalamu waliokutana Nice, Ufaransa, mwaka 2018 waliushusha hadi 20, na mwongozo wa Ulaya wa 2022 ukaupokea. Kwa hiyo wapo watu waliopewa jina la ugonjwa bila chochote kubadilika ndani yao.

Angalia mtego mmoja hapa. Hiyo 20 ni wastani, unaopimwa kwa mrija ulioingizwa ndani ya mshipa. RVSP ya kwenye eko, ambayo pengine huandikwa PASP au SPAP, ni kilele cha presha wakati moyo unasukuma, tena ni makadirio kutoka nje. Kwa watu wengi wazima kilele hicho hakizidi 35 hivi. Usichukue 52 ukailinganisha na 20 ukasema imezidi mara mbili na nusu. Ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya 2: Hakikisha unalinganisha vinavyolingana

Chukua karatasi zote za eko ulizonazo, siyo mbili za mwisho tu, uzipange kwa tarehe. Pembeni ya kila moja andika ilifanyika wapi, mapigo ya moyo yalikuwa mangapi, presha ya mkononi siku ile ilikuwa ngapi na mgonjwa alikuwa na kilo ngapi. Halafu andika yale ambayo karatasi haisemi: alikuwa anatumia dawa ya kukojoa au alikuwa ameiacha? Alikuwa na homa? Mjamzito? Damu yake ilikuwa imepungua? Mapigo yalikuwa yanaruka bila mpangilio?

Mambo haya si madogo. Mtu mwenye upungufu wa damu, moyo wake husukuma kwa kasi ili kufidia, na kasi hiyo huonekana kwenye eko. Mtu aliyekosa Lasix, dawa ya kukojoa, kwa wiki mbili anakuja na maji mengi mwilini, na presha ya mapafu hupanda pamoja nayo. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, kila pigo lina kipimo chake, na mpimaji anapaswa kuchukua mapigo kadhaa atafute wastani. Akichukua moja zuri akamaliza, majibu yatayumba.

Tafuta pia sentensi inayosema picha hazikuonekana vizuri. Huwa fupi, mara nyingi juu kabisa, na watu huiruka. Mwili mnene, mapafu yaliyojaa hewa kwa wavutaji wa siku nyingi, au mgonjwa aliyeshindwa kulala ubavu wa kushoto, vyote hupunguza ubora wa picha. Na kama hospitali inaweza kukupa picha zenyewe kwenye CD au flashi, ziombe. Daktari bingwa akiziweka picha za mwaka jana na za leo sambamba, anaona mengi ambayo karatasi mbili haziwezi kusema.

Hatua ya 3: Fungua namba ya 52 uone ilivyotengenezwa

Hapa ndipo ningependa usome polepole, maana ukielewa hatua hii hofu nyingi huisha.

Eko haiingizi chochote ndani ya mshipa. Mtaalamu anaweka jeli kifuani, anapitisha probu, na kwa mawimbi ya sauti anapima kasi ya damu. Kati ya chemba ya juu na ya chini za upande wa kulia kuna valvu, na kwa watu wengi, hata wazima, huvujisha damu kidogo kurudi nyuma. Kasi ya uvujaji huo ndiyo inayotafutwa. Kwenye karatasi imeandikwa TR Vmax, kwa mita kwa sekunde. Kadiri presha ndani ya chemba ya chini inavyokuwa kubwa, ndivyo damu inavyorushwa nyuma kwa kasi.

Hesabu yake ni hii: kasi mara kasi, mara 4, kisha unaongeza makadirio ya presha ya chemba ya juu ya kulia, ambayo karatasi huiita RAP. Hiyo RAP nayo hukadiriwa kwa kutazama vena kubwa ya tumboni, IVC. Ikiwa haizidi sentimita 2.1 na inabonyea zaidi ya nusu mgonjwa akivuta pumzi kwa nguvu, wanaandika 3. Ikiwa imetanuka na haibonyei vya kutosha, wanaandika 15. Ikiwa katikati, 8.

Sasa rudi kwenye karatasi zetu. Mwaka jana TR Vmax ilikuwa 3.1. Mara yenyewe ni 9.61, mara 4 ni 38, ongeza 3, unapata 41. Mwaka huu ni 3.3. Mara yenyewe ni 10.89, mara 4 ni 44 kasoro kidogo, ongeza 8, unapata 52.

Tazama vizuri. Kati ya zile alama 11 zilizoongezeka, 5 zimetoka kwenye RAP iliyobadilishwa kutoka 3 kwenda 8, yaani vena ya tumboni imeonekana imejaa zaidi kidogo. Zilizobaki zimetoka kwenye tofauti ya kasi ya 0.2 tu. Kwa kuwa kasi inazidishwa kwa yenyewe, tofauti ndogo ya mkono wa mpimaji hukuzwa. Eko na kipimo cha mrija vikilinganishwa kwa mgonjwa mmoja, kuachana kwa 10 au zaidi ni jambo linalotokea mara kwa mara. Huenda presha imepanda kweli. Huenda pia mgonjwa alikuja na maji zaidi, au probu ilikaa pembe nzuri kuliko mwaka jana.

Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya unatazama kasi yenyewe badala ya kuhangaika na RVSP. Kasi ya 2.8 kushuka chini: uwezekano ni mdogo kama hakuna dalili nyingine kwenye eko. Kuanzia 2.9 hadi 3.4: wa kati kama hakuna dalili nyingine, na zikiwepo huwa mkubwa. Zaidi ya 3.4: mkubwa, hata kama hakuna dalili nyingine. Mgonjwa wetu mwaka jana alikuwa kwenye kundi la kati, na mwaka huu bado yuko humohumo.

Kuna hali tatu ambazo hesabu hii huharibika. Valvu isipovuja kabisa, karatasi itasema presha haikuweza kukadiriwa. Hiyo haina maana kwamba presha ni nzuri. Valvu ikivuja sana, fomula haiaminiki tena. Na kama valvu ya kutokea kwenda mapafuni imebana, RVSP itakuwa kubwa lakini presha ya mapafu yenyewe ikawa ndogo.

Hatua ya 4: Uliza upande wa kulia unaendeleaje

Chemba ya chini ya kulia ina kuta nyembamba. Haikuumbwa kusukuma mzigo mzito. Presha ya mapafu ikipanda kweli na kudumu, chemba hiyo huacha alama, na alama hizo ni vigumu kuzitengeneza kwa makosa ya upimaji. Tafuta kwenye karatasi RV, yaani chemba hiyo ya chini ya kulia: je, wameandika imetanuka? Ukuta kati ya chemba mbili za chini umelalia kushoto, kiasi kwamba chemba ya kushoto inaonekana kama herufi D? Chemba ya juu ya kulia ni kubwa? Mshipa wa kwenda mapafuni umetanuka?

Kipimo kimoja cha kukariri ni TAPSE. Kinaonyesha chemba ya kulia inajivuta milimita ngapi inaposukuma, na kikiwa chini ya 17 ni ishara kwamba imeanza kudhoofika. Kama mwaka jana kilikuwa 22 na mwaka huu ni 21, kasi ni 3.3 na chemba haijatanuka, mazungumzo yatakuwa ya utulivu. Kama kimetoka 22 hadi 14, ningetaka mgonjwa amwone bingwa haraka, hata kama RVSP ingekuwa ileile.

Na hili wengi hawalijui: RVSP inaweza kushuka kwa sababu mbaya. Pampu iliyochoka haiwezi tena kutengeneza presha kubwa. Ukiona RVSP imetoka 75 hadi 55, huku TAPSE imeshuka, miguu inavimba na tumbo linajaa, usisherehekee. Uliza.

Hatua ya 5: Tazama upande wa kushoto kwanza

Damu ikitoka mapafuni inaingia upande wa kushoto. Kukiwa na foleni mbele, msongamano unarudi nyuma hadi mapafuni, kama foleni ya magari ya Ubungo, Dar es Salaam, inavyorudi nyuma mpaka Kimara. Hii ndiyo sababu inayoongoza. Utafiti wa PAPUCO, uliofuatilia wagonjwa wa presha ya mapafu Kameruni, Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini, ulikuta zaidi ya nusu ya watu wazima tatizo lao linatoka upande wa kushoto wa moyo.

Kwetu Afrika Mashariki mshukiwa wa kwanza kwa mtu mwenye umri mdogo, hasa mwanamke, ni valvu ya mitro, iliyo kati ya chemba mbili za kushoto, iliyobanwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni. Yale madonda ya koo yasiyotibiwa shuleni hulipwa miaka ishirini baadaye. Valvu hiyo kwa kawaida hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Ikifika 1.5 au chini, kubana kunahesabiwa ni kukali. Karatasi ikisema hivyo, chanzo cha presha ya mapafu huenda kimeshapatikana, na dawa yake ni valvu: kutanuliwa kwa puto au upasuaji, pamoja na sindano za Penadur (aina ya penisilini) kila wiki tatu au nne ili homa isirudi.

Mshukiwa wa pili ni presha ya mkononi iliyoachwa miaka mingi. Kuta za chemba ya kushoto zimekuwa nene na ngumu, hazilegei kupokea damu. Hapa EF hudanganya watu. EF ni asilimia ya damu inayosukumwa kwa kila pigo, na kawaida yake huanzia karibu 52 kwa wanaume na 54 kwa wanawake. Mtu anaona EF 60 anasema moyo ni mzima. Lakini EF hupima kusukuma, haipimi kulegea. Moyo mgumu unaweza kuwa na EF nzuri na bado ukajaza maji mapafuni. Dalili zake ziko kwingine kwenye karatasi: chemba ya juu ya kushoto, LA, iliyotanuka (ujazo zaidi ya 34 ukigawanywa kwa ukubwa wa mwili), na E/e', kipimo kinachokadiria presha ya kujaa kwa upande wa kushoto, iliyozidi 14.

Kinyume chake, EF iliyotoka 60 kwenda 55 isikunyime usingizi. Tofauti ya alama tano iko ndani ya makosa ya kawaida ya upimaji. Kutoka 60 hadi 40 ni habari nyingine kabisa.

Kwa mama aliyejifungua miezi ya karibuni anayehema usiku, EF ndogo ni ya dharura. Moyo kushindwa kufanya kazi baada ya uzazi upo sana Afrika, na mara nyingi huitwa uchovu wa kunyonyesha.

Hatua ya 6: Kushoto kukiwa safi, tafuta kwingine

Mapafu yenyewe yanakuja mbele. Kifua kikuu kilichopona kinaweza kuacha mapafu yenye makovu na mishipa iliyokufa. Miaka ya kupikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha nayo huchangia. Vipimo ni picha ya kifua, kupuliza mashine ya spirometa inayopima pumzi, na kile kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni, mgonjwa akiwa amekaa na pia akitembea.

Kuganda kwa damu ndiyo sababu ambayo sipendi kuona ikisahaulika, kwa kuwa ni aina ya presha ya mapafu inayoweza kuondolewa kwa upasuaji, ingawa upasuaji huo hufanyika kwenye vituo vichache sana duniani. Kama mgonjwa aliwahi kuvimba mguu mmoja, kulazwa muda mrefu, au kukatika pumzi ghafla bila maelezo, itaje historia hiyo hata usipoulizwa. Hutafutwa kwa skani ya mapafu ya kulinganisha hewa na damu, au CT yenye dawa ya mshipani.

Kisha kuna VVU, ambavyo vinaweza kupandisha presha ya mapafu hata kwa mtu anayemeza dawa vizuri. Kuna selimundu. Kuna tundu la moyo la kuzaliwa nalo. Kuna magonjwa ya viungo na ngozi kama lupasi. Na kwa waliokulia ukanda wa Ziwa Viktoria, kuna kichocho cha tumbo: mayai yanaharibu ini, yanapata njia ya kufika mapafuni na kuziba vijishipa. Bingwa wa Dar es Salaam asipojua kwamba ulikuwa mvuvi Ukerewe, hatafikiria hilo. Mwambie.

Hatua ya 7: Mrija unahitajika lini?

Kipimo cha uhakika ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye vena ya shingo, mkono au paja hadi ndani ya moyo na mapafu, mgonjwa akiwa macho, sehemu moja tu ikiwa imetiwa ganzi. Daktari Mjerumani Werner Forssmann alijitumbukizia mrija wa namna hiyo mwenyewe mwaka 1929, akatembea hadi chumba cha eksirei kuthibitisha umefika moyoni. Alilaumiwa, kisha mwaka 1956 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Cournand na Richards.

Mrija hutoa wastani halisi wa presha, na pia presha ya upande wa kushoto. Hiyo ya pili ikizidi 15, tatizo linatoka kushoto au upande huo unahusika. Ikiwa 15 au chini na ukinzani wa mishipa umezidi 2, ugonjwa uko kwenye mishipa ya mapafu. Huduma hii ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, pamoja na hospitali kubwa za Nairobi. Si kila mtu anauhitaji. Kama valvu imebana waziwazi, au moyo wa kushoto umedhoofika, daktari anaweza kutibu hicho kwanza kisha arudie eko. Lakini kuanzishiwa dawa maalumu za mishipa ya mapafu bila mrija, hapo una haki ya kuuliza kwa nini.

Hatua ya 8: Dawa, na mambo ya kusema usipoulizwa

Sildenafil, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, iliidhinishwa Marekani kwa presha ya mapafu mwaka 2005, na kwa wenye ugonjwa wa mishipa ya mapafu inasaidia kweli. Kwa mwenye tatizo la kushoto haipendekezwi, kwani kufungua mishipa ya mapafu huku mbele kumeziba kunaweza kuyajaza maji. Kununua duka la dawa kwa sababu jirani alipewa ni kucheza na moto. Haichanganywi kamwe na dawa za nitreti za kifua. Dawa za VVU zenye ritonavir huipandisha kupita kiasi mwilini, na rifampisini ya TB huishusha. Beba dawa zote kwenye mfuko uende nazo kliniki.

Kwa wanaotumia dawa ya kukojoa, mizani ni muhimu kuliko eko. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu ni maji, si unene, na ni sababu ya kupiga simu kliniki.

Mwanamke mwenye presha ya mapafu azungumze kuhusu mimba kabla haijaingia. Kwa ugonjwa wa mishipa ya mapafu, mimba ni hatari kwa maisha ya mama, na bosentan, mojawapo ya dawa za ugonjwa huo, humdhuru mtoto tumboni. Uzazi wa mpango wenye estrojeni nao una hatari ya kugandisha damu, kwa hiyo njia ichaguliwe pamoja na daktari wa moyo.

Kliniki, maswali haya yanatosha: Daktari, presha hii inatoka kushoto, mapafuni au kwenye mishipa? Chemba ya kulia ikoje ukilinganisha na mwaka jana? Tumeshatafuta damu iliyoganda? Eko ijayo ni lini?

Kwa hilo la mwisho, dawa ikibadilishwa, eko hurudiwa mara nyingi baada ya miezi mitatu hadi sita. Dalili zikibadilika, hakuna haja ya kusubiri tarehe. Ifanyike hospitali ileile ikiwezekana, mgonjwa akiwa amemeza dawa zake zote siku hiyo, na karatasi ya zamani awe nayo mkononi ampe mpimaji kabla jeli haijapakwa. Mgonjwa wetu wa 52, kama TAPSE iko salama na vena yake imejaa maji, huenda akaongezewa dawa ya kukojoa, akapimwa wingi wa damu, na kuitwa tena baada ya wiki chache. Hapo ndipo itajulikana kama zile alama 11 zilikuwa za moyo au za maji.